Kamba ya Mwavuli Kwenye Barabara ya Tunduma

Kwenye maduka ya vifaa, kuanzia Mlowo hadi Tunduma, kamba huning'inizwa mlangoni juu ya majembe na ndoo ili mteja azione kabla hajaingia. Kuna manila ya bluu na ya kijani, ile ngumu inayokwaruza kiganja. Kuna katani, rangi ya majani makavu, yenye vinyweleo vinavyosimama. Kuna mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu za magari, ambayo bila hiyo mwendesha bodaboda hawezi kubeba hata kreti moja la soda. Na pembeni, mara nyingi, kuna mafungu ya kamba nyembamba, laini, za rangi zote: nyeusi, machungwa, kijani ya jeshi. Unene wake ni kama milimita nne tu. Mteja haulizi jina lake. Ananyoosha kidole na kusema, nipe mita tano za ile.

Ile ni kamba ya parachuti, au walau ndugu yake wa mbali.

Chukua mfano wa Hasamba, kata ya wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Watu wake wanalima kahawa na mahindi, na wanaishi karibu na barabara kuu iendayo Zambia, kwa hiyo kila kitu kinachopita kwenye malori ya Tunduma hatimaye huangusha chembe yake vijijini. Kamba hii ikishafika nyumbani haina kazi moja. Itashika chandarua kwenye dari. Itakuwa kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu haiachi kutu kama waya. Itafungwa kwenye mpini wa panga ili likining'inia kiunoni lisianguke, itakuwa kamba ya buti, itakaza turubai juu ya meza za kuanikia kahawa mvua inapotishia. Ikichakaa kabisa itamfunga mbuzi, na hata hapo mbuzi atachoka kuitafuna kabla haijakatika.

Kwa nini kitu chembamba hivyo kina nguvu hivyo? Jibu halionekani mpaka uikate. Chukua kipande, sukuma ganda lake nyuma kwa kucha, na ndani utakuta kiini: nyuzi saba, nane au tisa zilizolala sambamba, kila moja ikiwa imesokotwa kwa nyuzi ndogo mbili au tatu. Ganda la nje limesukwa likawa bomba. Nyuzi za ndani hazijafungamana na ganda, zinateleza tu, na hapo ndipo ulipo ujanja wote. Mzigo mwingi unabebwa na kiini. Ganda linalinda kiini kisisuguliwe, na likichubuka juu kwa juu kamba haijafa. Ukihitaji uzi mwembamba wa kushonea gunia au kuzibia nyavu, unachomoa mmoja na kamba inaendelea na maisha.

Jeshi la Marekani liliandika masharti ya kamba hii kwenye waraka wa vipimo uitwao MIL-C-5040. Zipo aina kadhaa, lakini iliyopata umaarufu ni ya tatu, ambayo lazima ivumilie ratili 550 kabla ya kukatika. Kwa hesabu zetu ni kilo 250 hivi. Mita 100 za kamba hiyo hazifiki kilo moja kwenye mizani.

Kilo 250 ni nyingi kwa uzi ambao mwavuli wa askari hutumia karibu 30. Parachuti ya T-10, iliyotumiwa na majeshi mengi baada ya Vita Kuu ya Pili, ina kamba 30 zinazounganisha kitambaa na mikanda ya mrukaji. Askari pamoja na bunduki na furushi lake tuseme ana kilo 130. Anapoelea polepole, kila kamba inabeba kilo nne na ushei, mzigo ambao hata uzi wa kushonea viatu ungeuweza. Lakini kamba haikutengenezwa kwa ajili ya kuelea. Ilitengenezwa kwa ajili ya ule mshtuko mfupi mwavuli unapofunguka na mtu aliyekuwa akidondoka kama jiwe anashikwa ghafla. Hapo nailoni inafanya jambo ambalo katani haiwezi: inanyumbuka, kwa robo au theluthi ya urefu wake kabla ya kukatika, na katika kunyumbuka huko inameza ukali wa mshtuko. Sifa hiyo hiyo, tutaona, ndiyo inayoifanya iwe kamba mbaya kwa baadhi ya kazi ambazo tunaipa huku.

Kabla ya nailoni, miavuli ilikuwa ya hariri, na hariri iliyotumiwa na viwanda vya Marekani ilitoka kwa wingi Japani. Mambo yalipoanza kuharibika baina ya nchi hizo mbili, kila mtu aliyejua hesabu aliona kwamba jeshi linalotegemea nguo ya adui wake lina shida. Bahati yao ni kwamba mkemia Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont walikuwa wameshapata nailoni tangu Februari 1935. Carothers mwenyewe hakuishi kuona ilivyoitikisa dunia. Alifariki mwaka 1937. Bidhaa iliyoitangaza ilikuwa soksi ndefu za wanawake, zilizoanza kuuzwa Marekani nzima Mei 1940. Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, soksi zilitoweka madukani na nailoni yote ikaenda vitani. Juni 1942, msichana mmoja mrukaji, Adeline Gray, aliruka kutoka kwenye ndege huko Hartford, Connecticut, kwa mwavuli wa nailoni, akiwa binadamu wa kwanza kuujaribu. Alitua salama, na viwanda vikaanza kuishona kwa maelfu.

Askari waliofundishwa kuruka waligundua mapema kwamba mwavuli ukishakufikisha chini kazi yake imekwisha, lakini kamba zake ndiyo kwanza zinaanza. Walizikata na kuzibeba. Zilifunga mahema, zilirekebisha mikanda, zilishika kila kilicholegea. Baada ya vita akiba za jeshi ziliuzwa rejareja, na kutoka hapo kamba ikaingia kwa wapanda milima, wavuvi, wapiga kambi, na mwishowe kwa vijana wanaosuka bangili na kuuziana mitandaoni. Bangili hizo zinadaiwa kuokoa maisha porini. Mita tatu za kamba mkononi zinaweza kusaidia, sikatai, ila mtu wa Mbozi anayeingia porini hubeba panga, kiberiti na kamba nzima, na hahitaji pambo kumkumbusha.

Sasa turudi kwa watu wetu, kwa sababu kuna kipande cha historia hii ambacho Waafrika Mashariki walikishika kwa mikono yao. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, pamoja na askari wa Rhodesia ya Kaskazini, ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma ikiwafukuza Wajapani katikati ya mvua za monsuni. Barabara ziligeuka matope ya kufika kiunoni. Malori hayakupita. Chakula, risasi na dawa viliwafikia kwa ndege, vikiteremshwa kwa miavuli kwenye maeneo yaliyofyekwa msituni. Kijana aliyetoka nyanda za juu za Tanganyika, ambaye pengine hakuwahi kuona ndege ikitua, aliishi kwa miezi akisubiri kifurushi kishuke kutoka mawinguni.

Shida ya jeshi hilo, Jeshi la 14 chini ya Jenerali William Slim, ni kwamba miavuli ya kweli haikutosha. Nailoni na hariri zilipelekwa kwanza kwenye vita vya Ulaya. Slim akawaendea wenye viwanda vya juti kule Calcutta, watu waliokuwa wakifuma magunia, akawaomba wamtengenezee mwavuli wa mizigo kwa juti. Waliufanya. Uliitwa parajute, ulikuwa wa juti mtupu mpaka kamba zake, na Slim aliandika baadaye kwamba ulifikia asilimia 85 ya ubora wa mwavuli wa kawaida, kwa gharama ya pauni moja na kidogo wakati ule wa kawaida ulizidi pauni 20. Kwa kifupi, jeshi ambalo watu wetu walipigana ndani yake lililishwa kwa magunia yaliyofundishwa kuelea. Mkulima wa kahawa wa leo, anayejua gunia la juti kwa harufu yake, atacheka, lakini atalielewa jambo hilo haraka kuliko mhandisi.

Wakati huo huo, upande mwingine wa Tanganyika, vita ilikuwa inaitafuta kamba nyingine. Meli za vita na za mizigo zilikuwa zikitegemea manila halisi, nyuzi za mmea wa abaka kutoka Ufilipino. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, ugavi ulikatika. Nchi washirika vitani zikageukia katani, na katani ilikuwa Tanganyika.

Mkonge, mmea unaotoa katani, haukuwa wetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, mingi ikafa njiani, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyojaza Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, hadi Lindi. Mashamba hayo hayakupata vibarua wa kutosha kutoka vijiji vya jirani, kwa hiyo yalivuta watu kutoka mbali, Kigoma, Njombe na nyanda za juu kusini, wakipewa namba na kuitwa manamba. Wakati wa vita serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kwenda kufanya kazi huko, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Familia nyingi za kusini zina babu aliyekwenda Tanga akakaa miaka, na wengine wana babu ambaye hakurudi kabisa.

Hapa ndipo penye uzi wa makala haya. Kukatika kwa hariri ya Japani kuliipa nguvu nailoni. Kukatika kwa manila ya Ufilipino kuliipa nguvu katani. Vita ile ile iliinua kamba zote mbili kwa mkono mmoja, na hakuna aliyeuliza itakuwaje zitakapokutana sokoni.

Zilikutana miaka 20 baadaye, ingawa aliyeipiga katani hakuwa nailoni mwenyewe bali mdogo wake wa bei rahisi, polipropilini. Giulio Natta aliitengeneza huko Milano mwaka 1954, akitumia njia iliyovumbuliwa na Mjerumani Karl Ziegler, na mwaka 1963 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwaka uliofuata, 1964, Tanganyika ikawa Tanzania na mashamba yake yakatoa katani zipatazo tani 230,000, kiwango ambacho hayajawahi kukifikia tena. Tulikuwa wa kwanza duniani katika bidhaa ambayo mrithi wake alikuwa ameshavishwa medali.

Mteja mkubwa wa katani hakuwa baharia. Alikuwa mkulima wa Ulaya na Marekani, aliyefunga marobota ya nyasi za ng'ombe kwa mashine, na mashine hiyo ilikula uzi kwa maelfu ya maili kila msimu. Uzi wa polipropilini ulipoanza kuuzwa, mwepesi, usiooza, wenye bei isiyotegemea mvua ya Korogwe, mkulima huyo alihama. Bei zikaporomoka. Mwalimu Nyerere alipotaka kueleza jinsi nchi maskini zinavyonyonywa kwenye biashara ya dunia, mfano wake ulikuwa katani na trekta: kila mwaka unahitaji katani nyingi zaidi kununua trekta lile lile. Mashamba mengi yalitaifishwa Oktoba 1967, na kwa miaka mingi lawama zote zilitupiwa utaifishaji huo. Usimamizi ulikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 25,000, na sidhani kama kuna meneja yeyote, wa serikali au wa binafsi, ambaye angeushinda uzi wa plastiki peke yake.

Ndiyo maana jina la manila limebaki madukani wakati mmea wenyewe hauko. Kamba ya bluu tunayonunua Tunduma ni polipropilini. Ile ya Ufilipino wengi wetu hatujawahi kuigusa.

Mara moja miavuli yenyewe ilitua kwenye njia yetu. Mei 19, 1978, askari wa Kikosi cha Kigeni cha Ufaransa, wale wa rejimenti ya pili ya warukaji wa miavuli (2e REP), waliruka juu ya Kolwezi, Katanga, mji wa machimbo uliokuwa umetekwa na waasi. Miavuli waliyotumia ilikuwa T-10 za Kimarekani walizoazimwa na jeshi la Zaire, na haikuendana na vifaa vyao vya Kifaransa, ikabidi wafunge mizigo yao kwa kubahatisha dakika za mwisho kabla ya kupanda ndege. Leo dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam akapita Vwawa, akavuka Tunduma na Nakonde, akashuka Kapiri Mposhi na kuingia Kasumbalesa, mwisho wa safari yake mara nyingi ni Kolwezi hiyo hiyo. Anakwenda na mafuta, saruji au salfa. Anarudi na shaba. Na yeye pia, kila anapopakia, anapambana na swali la Wafaransa wale: nimefunga sawasawa?

Mtazame tingo anapofunga turubai kwenye maegesho. Anarusha kamba juu ya mzigo, anaidaka upande wa pili. Katikati ya kamba anafanya kitanzi kwa kukunja mara moja na kupitisha kifundo, harakati ambayo macho hayaiwahi. Ncha inashuka kwenye ndoano ya bodi, inarudi juu, inapita ndani ya kitanzi, inashuka tena. Sasa anapovuta, kamba inapita mara tatu kati ya kitanzi na ndoano, na nguvu yake inazidishwa. Kwenye karatasi mara tatu, kwa kweli pungufu, maana msuguano unakula sehemu yake. Anaweka mguu kwenye ubavu wa tela, analala nyuma kwa uzito wake wote, turubai linalia, kisha anabana kwa kidole gumba na kufunga nusu-fundo mbili. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Mabaharia wa majahazi wa Pemba na Lamu wanavuta jarari ya tanga kwa hesabu hiyo hiyo, na wao walitumia kamba za makumbi ya nazi kabla tyubu na nailoni hazijajulikana.

Angalia tingo alichochagua. Kwa turubai ametumia manila ngumu. Ile laini ya parachuti hajaigusa, na ana sababu. Nailoni inanyumbuka. Ukiikaza asubuhi Vwawa kwenye baridi, ikalowa umande, ikatikiswa na mashimo, jioni imelegea na mzigo umeanza kutembea. Kamba iliyomwokoa mrukaji kwa kunyumbuka ndiyo hiyo itakayokuangusha kwenye mteremko wa Senjele. Zaidi ya hayo, kilo 250 zilizoandikwa ni za kamba mpya, iliyonyooka, kavu. Fundo peke yake linaweza kula karibu nusu ya nguvu. Maji yanapunguza nyingine. Wenye busara huhesabu sehemu ya tano tu ya kile kilichoandikwa, yaani kilo 50, na hawaning'inizi mtu wala injini kwenye uzi wa milimita nne. Kwa mizigo mizito, shaba hasa, waliojifunza wanatumia minyororo na mikanda mipana yenye kikazio cha chuma, na turubai linabaki kuwa kinga ya mvua na ya macho.

Kisha kuna suala la bandia. Kamba nyingi zinazofanana na ya parachuti ni ganda zuri lililojazwa nyuzi zisizosokotwa, au polipropilini, au poliesta. Kujua si kazi. Kata kipande ukitupe kwenye ndoo ya maji: polipropilini inaelea, nailoni inazama. Washa kiberiti uguse ncha: katani inaungua kama nyasi na kuacha majivu, nailoni inayeyuka, inadondosha tone na kuacha kishanga kigumu. Kishanga hicho, kwa njia, ndicho kinachozuia ncha isifumuke, na ndiyo maana anayeuza kwa mita hukata kwa moto. Usikikande kwa kidole kikiwa cha moto. Kinagandamana na ngozi. Mwisho, fungua kiini uhesabu nyuzi. Zikiwa tatu au nne, bado itaanika nguo vizuri tu. Usilipe bei ya jeshi.

Jua nalo ni adui asiyesemwa. Mbozi ipo juu, mita 1,500 na zaidi kwenye maeneo mengi, na jua la huku linakausha manila ya bluu mpaka inamwaga unga ukiishika. Kamba iliyokaa juani misimu miwili usiiamini kisimani. Katani inaoza kwa maji, plastiki inaoza kwa jua. Anayeweka ndoo kwenye kisima chenye kivuli na anayefunga turubai la mahindi uwanjani hawahitaji kamba moja.

Matumizi mengine ya kamba ya parachuti yamefika mbali kuliko Kolwezi. Februari 1997, wanaanga waliokwenda kutengeneza darubini ya Hubble walikuta kitambaa chake cha kukinga joto kimechanika, na sehemu ya viraka walivyoweka walivifunga kwa kamba hii. Na kuna hadithi ya karibu zaidi, ya kitu cha angani kilichokusudiwa kuchanwa vipande hapa kwetu. Novemba 1917 Wajerumani walirusha kutoka Bulgaria puto kubwa la kivita, L 59, likiwa na shehena kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao huku Afrika Mashariki. Halikutarajiwa kurudi. Gamba lake lingekuwa mahema, bitana yake bandeji, na mifupa yake milingoti ya redio. Liligeuzwa njiani likiwa juu ya Sudan. Mwaka mmoja baadaye Lettow-Vorbeck, ambaye hakuona hata uzi mmoja wa puto hilo, alipita Fife, ng'ambo ya mpaka tu kutoka Tunduma, na Novemba 25, 1918 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala.

Tukirudi sokoni, kuna kazi moja ya kamba ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha jeshi, na huku tunaifanya kwa ustadi unaosikitisha. Ni lumbesa. Mkulima analeta viazi au vitunguu kwenye salfeti ya kawaida. Mnunuzi anataka zaidi kwa bei ile ile. Salfeti inajazwa mpaka mdomoni, kisha mshonaji anachukua shazia na uzi wa plastiki, anaanza kusuka wavu juu ya mdomo, viazi vinaongezwa ndani ya wavu, wavu unapandishwa, vinaongezwa tena, hadi juu ya gunia kuna kilemba cha kamba kilichobeba ndoo mbili au zaidi ambazo hazimo kwenye hesabu. Mkono wa mshonaji mzuri hautetereki. Kila jicho la wavu ni sawa na jingine. Ungekuwa ufundi wa kusifiwa kama usingekuwa wizi.

Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipigia kelele lumbesa miaka nenda rudi. Inaisha msimu huu, inarudi ujao, kwa kuwa mwenye lori ndiye mwenye haraka na mkulima ndiye mwenye viazi vinavyooza. Kahawa ya Mbozi haipati shida hiyo. Inaondoka kwenye magunia ya kilo 60 ya juti au katani, yaliyoshonwa mdomo ukiwa umelala bapa, maana mnunuzi wake anapima kila kitu mara mbili. Gunia la viazi linasafiri na kilemba chake kupita Vwawa, kupita Mlowo, kwenye barabara ambayo magari hupimwa uzito, na mtu yeyote aliyekaa kwenye kibaraza cha duka anaweza kulihesabu kuwa lumbesa bila mizani.